Novemba 1998 katika michezo ya video

Novemba 1998 ni mwezi unaotajwa mara nyingi katika historia ya michezo ya video kwa sababu ya matoleo matatu yaliyofuatana ndani ya siku tisa. Tarehe 19 Novemba kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa Half-Life, mchezo wa kompyuta. Tarehe 21 Novemba kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa The Legend of Zelda: Ocarina of Time kwa ajili ya konsoli yake ya Nintendo 64. Tarehe 27 Novemba kampuni ya Sega, nayo ya Japani, ilianza kuuza konsoli mpya iliyoitwa Dreamcast. Konsoli ni mashine ya kuchezea michezo ya video ambayo kwa kawaida huunganishwa na televisheni.

Kila moja ya kampuni hizo ilikuwa hatarini kwa namna yake. Valve ilikuwa kampuni changa ambayo haijawahi kuuza mchezo wowote. Nintendo, iliyotawala soko kwa miaka mingi, ilikuwa imepitwa na Sony. Sega ilikuwa imepata hasara kubwa, na Dreamcast ilikuwa karata yake ya mwisho katika biashara ya konsoli. Kwa hiyo mwezi huo haukumbukwi kwa ubora wa michezo peke yake. Unaonyesha pia jinsi kampuni mbili zilivyoinuka na moja ilivyoanza kuanguka, ingawa zote tatu zilileta kitu kizuri sokoni.

Hali kabla ya mwaka 1998

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 michezo mingi ya video ilikuwa bapa kama picha iliyochorwa kwenye karatasi. Mhusika alikwenda kushoto au kulia, juu au chini, na mchezaji aliona kila kilichokuwa mbele yake. Kisha zikaja mashine zenye uwezo wa kuchora michezo ya vipimo vitatu, yaani yenye urefu, upana na kina. Sega Saturn na PlayStation ya Sony zilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1994, na Nintendo 64 ilifuata Juni 1996. Katika mwaka huohuo wa 1996 ilitoka michezo kama Super Mario 64, Quake na Tomb Raider, iliyowaonyesha wachezaji kwamba inawezekana kuzunguka ndani ya mchezo kama mtu anavyozunguka ndani ya nyumba.

Kina hicho kilileta matatizo mawili ambayo michezo ya zamani haikuwa nayo.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kuona. Katika mchezo wa vipimo vitatu mchezaji hutazama kupitia kamera ya kubuni inayomfuata mhusika. Adui akiwa nyuma, haonekani. Ukuta ukiwa karibu, huiziba kamera. Kukadiria umbali kwenye kioo cha televisheni ni kazi ngumu, hivyo mchezaji alipiga upanga hewani huku adui akiwa hatua mbili mbele.

Tatizo la pili lilikuwa la kusimulia. Waundaji wengi walipotaka kueleza hadithi waliusimamisha mchezo, wakaonyesha kipande cha filamu, kisha wakamrudishia mchezaji uongozi. Michezo ya kufyatua risasi, hasa ile iliyofuata nyayo za Doom ya mwaka 1993, mara nyingi haikuwa na hadithi ya maana: mchezaji alitafuta ufunguo, akafungua mlango, akaua viumbe na kuendelea.

Half-Life na Ocarina of Time zilijibu maswali hayo kwa njia ambazo waundaji wengine waliziiga baadaye.

Half-Life

Jina Half-Life limetoka katika fizikia. Ni muda unaohitajika ili nusu ya atomi za kitu chenye mnururisho zigeuke na kuwa kitu kingine. Alama ya mchezo huo ni herufi ya Kigiriki lambda, ambayo wanafizikia huitumia katika hesabu za jambo hilohilo.

Valve ilianzishwa mwaka 1996 katika jimbo la Washington na Gabe Newell na Mike Harrington, waliokuwa wafanyakazi wa Microsoft. Badala ya kuandika kila kitu upya, walinunua leseni ya kutumia injini ya Quake kutoka kampuni ya id Software, kisha wakaibadilisha sana. Injini ya mchezo ni programu ya msingi inayochora picha, kucheza sauti na kusimamia miendo. Juu yake ndipo mchezo wenyewe hujengwa. Kampuni ya Sierra ilikubali kuwa mchapishaji.

Mchezo ulitakiwa kutoka mwaka 1997. Ulipokaribia kukamilika, waundaji wenyewe hawakuridhika nao. Kulikuwa na silaha nzuri mahali hapa na kiumbe wa kuvutia mahali pale, lakini vipande havikushikana. Kikundi kidogo kilikusanya mawazo yote mazuri katika sehemu moja ya mfano. Sehemu hiyo ilipopendeza, Valve iliamua kurudia karibu kazi nzima. Kwa kampuni isiyo na bidhaa nyingine ya kuuza, kuahirisha kwa mwaka mzima kulikuwa hatari kubwa. Katika kipindi hicho wafanyakazi wa fani mbalimbali walikaa pamoja kubuni kila hatua, na watu wa nje waliitwa kuucheza mchezo huku waundaji wakiwatazama bila kusema neno. Pale wachezaji walipokwama au kuchoka, palirekebishwa.

Mhusika mkuu ni Gordon Freeman, mwanafizikia anayefanya kazi katika maabara ya siri iitwayo Black Mesa, katika jimbo la New Mexico. Mchezo haufunguki kwa mapigano. Freeman yumo ndani ya gari la reli linalompeleka kazini, na kwa dakika kadhaa mchezaji huwa anatazama tu: wafanyakazi, mashine, mitambo na milango mizito. Anapofika, anazungumzishwa na wanasayansi wenzake na walinzi. Kisha jaribio la kisayansi linakwenda vibaya, njia ya ulimwengu mwingine inafunguka na viumbe wa ajabu wanaingia. Silaha ya kwanza ya Freeman ni mtaimbo tu. Jeshi linapofika, wafanyakazi wanadhani wameokolewa, kumbe askari wametumwa pia kuwanyamazisha mashahidi.

Jambo lililouweka mchezo huu mbali na mingine ni kwamba hadithi yote huonwa kwa macho ya Freeman. Karibu katika mchezo mzima mchezaji hanyang'anywi uongozi ili aonyeshwe filamu. Mtu akizungumza, mchezaji anaweza kumsikiliza, kuzunguka chumbani au kuondoka. Freeman mwenyewe hasemi neno, hivyo mchezaji huwa kama ndiye yeye. Sehemu za mchezo nazo zimeungana, kiasi kwamba safari ya kutoka chini ya ardhi hadi juu huhisiwa kuwa safari moja. Hata maadui walikuwa tofauti na waliozoeleka: askari hushirikiana, hujificha, na hutupa bomu la mkono ili kumtoa mchezaji mahali alipojificha.

The Legend of Zelda: Ocarina of Time

Mfululizo wa The Legend of Zelda ulianza Japani Februari 1986. Ocarina of Time ulikuwa mchezo wake wa kwanza wa vipimo vitatu. Mtayarishaji mkuu alikuwa Shigeru Miyamoto, na muziki ulitungwa na Koji Kondo. Baada ya kutoka Japani, mchezo ulifika Amerika Kaskazini tarehe 23 Novemba na Ulaya tarehe 11 Desemba.

Nintendo ilikuwa inauhitaji sana mchezo huo. Ilipounda Nintendo 64 ilichagua kuendelea kutumia katriji, yaani kasha dogo la plastiki lenye vifaa vya kumbukumbu ndani yake, wakati Sony ilitumia diski. Katriji husomwa haraka na haikwaruziki, lakini ni ghali kutengeneza na nafasi yake ni ndogo. Katriji ya Ocarina of Time ilikuwa na megabaiti 32, kubwa kuliko zote ambazo Nintendo ilikuwa imezitumia kwa mchezo wake hadi wakati huo. Diski moja ya PlayStation ilibeba takriban mara ishirini ya kiasi hicho. Kwa sababu hiyo baadhi ya watengenezaji muhimu walihama. Square, iliyokuwa ikiitolea Nintendo mfululizo wa Final Fantasy, iliutoa Final Fantasy VII kwa PlayStation Januari 1997.

Hadithi ya Ocarina of Time inamhusu Link, mvulana wa msituni katika nchi ya kubuni ya Hyrule. Anatakiwa kumzuia Ganondorf asiutwae uwezo mtakatifu unaotawala nchi hiyo. Katikati ya mchezo Link analala usingizi wa miaka saba na kuamka akiwa kijana mkubwa. Soko alilolijua likiwa na watu wengi sasa ni magofu. Kuanzia hapo mchezaji husafiri kati ya nyakati mbili, na analolifanya utotoni huonekana matokeo yake ukubwani. Okarina inayotajwa katika jina la mchezo ni filimbi ndogo yenye umbo la yai. Mchezaji huipiga mwenyewe kwa kubonyeza vitufe vitano, kila kimoja na sauti yake, na nyimbo anazojifunza huleta mvua, hugeuza usiku kuwa mchana au humwita farasi wake.

Jibu la Nintendo kwa tatizo la kuona lilikuwa kitufe kimoja, kilichoitwa Z. Mchezaji akikibonyeza mbele ya adui, kamera hujipanga nyuma ya Link na Link humkabili adui huyo muda wote. Akisogea kushoto au kulia, humzunguka badala ya kumpa mgongo. Wawili hao huwa kama wamefungwa kwa kamba isiyoonekana. Waundaji wameeleza kwamba wazo hilo lilikomaa walipotembelea bustani ya studio za filamu za Toei mjini Kyoto, wakatazama maonyesho ya mapigano ya jadi. Waliona pia kwamba katika maonyesho hayo maadui wengi humzunguka shujaa, lakini humvamia mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo katika mchezo, Link akiwa amemlenga adui mmoja, wengine husubiri. Ili mchezaji ajue ni nani aliyelengwa, kiliwekwa kialama kidogo juu ya adui. Baadaye kialama hicho kilipewa uhai na kuwa Navi, kiumbe mdogo mwenye mabawa anayefuatana na Link na kumpa ushauri.

Kitufe kingine, A, kilipewa kazi inayobadilika kulingana na mahali. Mbele ya mlango hufungua, mbele ya mtu huzungumza, mbele ya jiwe huinua, na jina la kazi hiyo huandikwa kwenye skrini. Kuruka nako kulirahisishwa: Link akikimbia hadi ukingoni, huruka mwenyewe.

Mchezo huo haukukosa kasoro. Hekalu la Maji lililalamikiwa sana, kwa sababu mchezaji alilazimika kufungua orodha ya vifaa kila mara ili avae au avue viatu vizito vya chuma vinavyomzamisha. Katika toleo jipya la mwaka 2011 kwa konsoli ya Nintendo 3DS viatu hivyo vilifanywa kifaa cha kubonyeza mara moja. Jambo jingine linahusu muziki wa Hekalu la Moto. Katika nakala za kwanza, muziki huo ulikuwa na vipande vya visomo vya Kiislamu vilivyotoka katika mkusanyo wa sauti unaouzwa kwa watunzi. Nintendo ilikuwa na kanuni ya kutoingiza mambo ya dini halisi katika michezo yake, na nakala za baadaye ziliwekewa sauti nyingine. Alama ya mwezi mwandamo na nyota iliyokuwa kwenye ngao mojawapo nayo ilibadilishwa katika matoleo yaliyofuata.

Dreamcast

Sega iliingia mwaka 1998 ikiwa imejeruhiwa. Konsoli yake ya Saturn ilitolewa Marekani Mei 1995 kwa kushtukiza, miezi kadhaa kabla ya tarehe iliyokuwa imetangazwa, kwa bei ya dola 399. Watengenezaji wengi wa michezo na maduka mengi hawakuwa tayari. Siku hiyohiyo Sony ilitangaza kwamba PlayStation ingeuzwa dola 299. Saturn haikupona kutokana na pigo hilo nje ya Japani.

Dreamcast iliundwa ili kufuta kosa hilo. Ilikuwa na kichakato cha Hitachi SH-4 na kifaa cha kuchorea picha cha PowerVR kilichotengenezwa na NEC, na picha zake zilizishinda kwa mbali zile za PlayStation na Nintendo 64. Ilitumia diski maalumu yenye nafasi ya takriban gigabaiti moja. Kadi yake ya kumbukumbu ilikuwa na skrini ndogo na vitufe vyake, hivyo iliweza kuchezewa peke yake. Jambo lililotangulia wakati wake kuliko yote lilikuwa modemu iliyowekwa ndani tangu kiwandani, ili wachezaji wakutane kupitia simu na intaneti.

Uzinduzi wa tarehe 27 Novemba ulikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, konsoli zote zilizopelekwa madukani ziliisha siku hiyohiyo. Kwa upande mwingine, zilikuwa chache, kwa sababu vifaa vingi vya PowerVR viliharibika wakati wa kutengenezwa na idadi iliyopangwa haikufikiwa. Kulikuwa na michezo minne tu ya kuanzia, na kati yake ni Virtua Fighter 3tb pekee uliouzwa vizuri. Sonic Adventure, mchezo wa mhusika maarufu kuliko wote wa Sega, ulichelewa hadi tarehe 23 Desemba. Wanunuzi walikuwa tayari na fedha mkononi, lakini bidhaa haikutosha, na wengi walingojea au wakanunua kitu kingine.

Marekani mambo yalikwenda vizuri zaidi. Konsoli ilizinduliwa huko tarehe 9 Septemba 1999 na kuuzwa zaidi ya 225,000 katika saa 24 za kwanza. Hata hivyo Sony ilikuwa imeshatangaza PlayStation 2, ambayo ilitoka Japani Machi 2000 na iliweza pia kuonyesha filamu za DVD. Wateja wengi waliamua kuisubiri. Tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba ingeacha kutengeneza Dreamcast mwishoni mwa Machi. Konsoli takriban milioni 9 zilikuwa zimeuzwa duniani kote. Mwenyekiti wa kampuni, Isao Okawa, aliyekuwa mgonjwa, aliiachia Sega hisa zake zenye thamani ya takriban dola milioni 695 ili isifilisike. Alifariki Machi 2001.

Matoleo mengine ya mwezi huo

Novemba huwa mwezi wa matoleo mengi kwa sababu huja kabla ya manunuzi ya Krismasi katika nchi za Magharibi. Novemba 1998 ulitoka pia Tomb Raider III wa kampuni ya Core Design ya Uingereza. Game Boy Color, konsoli ya mkononi ya Nintendo yenye skrini ya rangi, iliyotangulia kutoka Japani mwezi Oktoba, ilifika Amerika Kaskazini na Ulaya.

Mapokezi

Ocarina of Time ulikuwa mchezo wa kwanza kupewa alama kamili, 40 kati ya 40, na jarida la Famitsu la Japani. Katika tovuti ya Metacritic, inayokusanya alama za wahakiki, una wastani wa 99 kati ya 100, na hakuna mchezo mwingine uliouzidi. Nchini Marekani zaidi ya nakala 500,000 ziliagizwa kabla ya siku ya kutolewa. Kwa jumla zimeuzwa nakala milioni 7.6 za toleo la Nintendo 64.

Half-Life ulipewa tuzo za mchezo bora wa mwaka na machapisho zaidi ya 50. Hadi mwaka 2008 nakala milioni 9.3 zilikuwa zimeuzwa madukani.

Urithi

Njia ya kumlenga adui kwa kitufe kimoja imekuwa kawaida katika michezo ya matukio na mapigano. Mchezaji wa leo huitumia bila kujua kwamba iliwahi kuwa jambo jipya. Vivyo hivyo, kusimulia hadithi bila kumnyang'anya mchezaji uongozi kuliigwa sana katika michezo ya kufyatua risasi.

Athari za Half-Life zilivuka mchezo wenyewe. Valve iliwaruhusu wachezaji kuubadilisha na kutengeneza michezo yao juu yake. Minh Le na Jess Cliffe walitumia nafasi hiyo kuunda Counter-Strike, uliotolewa kwa majaribio mwaka 1999. Valve iliununua na kuwaajiri. Kusambaza marekebisho ya michezo kama huo kwa mamilioni ya watu kulikuwa shida, na Septemba 2003 Valve ilianzisha Steam, huduma iliyokusudiwa kwanza kurahisisha kazi hiyo. Baadaye Steam ikawa duka kubwa la michezo ya kompyuta kupitia intaneti, na biashara ya kuuza michezo katika maboksi ikapungua.

Sega iliacha konsoli ikabaki mtengenezaji wa michezo. Desemba 2001, miaka mitatu tu baada ya uzinduzi wa Dreamcast, mhusika wake Sonic alionekana kwenye GameCube, konsoli ya Nintendo, mpinzani wake wa miaka mingi. Lakini modemu ya Dreamcast ilikuwa imeonyesha njia. Phantasy Star Online wa Desemba 2000 uliwawezesha wachezaji wa konsoli kutoka nchi mbalimbali kusafiri na kupigana pamoja, na konsoli zote kubwa za leo zimejengwa zikitegemea intaneti.

Michezo ya mwezi huo bado inachezwa. Ocarina of Time unapatikana kwenye Nintendo Switch tangu Oktoba 2021. Half-Life unauzwa kwenye Steam, na Novemba 2023 Valve iliufanyia marekebisho kuadhimisha miaka 25. Sega ilizifunga zamani seva za Phantasy Star Online kwa Dreamcast, lakini wapenzi wa mchezo huo walianzisha za kwao, na wenye konsoli hiyo wameendelea kukutana humo.